Unayetaka kazi ya mshauri wa uandishi chuoni, pita hapa kwanza (uzi mrefu)

#1 BintiKalamu (mleta uzi)

Wakuu habari za muda. Kuna watu kadhaa wameniuliza inbox hii kazi ya kituo cha uandishi ikoje, na majibu wanayopewa huko mitaani mengi ni ya watu ambao hawajawahi kukaa kwenye ile meza hata mara moja, kwaiyo nimeona bora nifungue uzi. Mi nimeifanya nikiwa mwanafunzi, nikaja kuajiriwa, na saivi nawafundisha wanaoanza. Ni ndefu, mnivumilie.

Kwanza tuondoe hili: hatusahihishi kazi za watu. Najua ukimuuliza mwanafunzi yeyote atakwambia kituo ni pale unapopeleka esei wakakunyooshea lugha, yaani unaiacha kama simu kwa fundi jioni unapitia kuichukua. Hamna hiyo. Mwanafunzi anakata miadi, anakuja na kazi yake, mnakaa nusu saa au saa zima, mnaisoma pamoja na kuijadili, alafu anaondoka nayo ikiwa bado ina makosa. Ndio, bado ina makosa, na hilo ni jambo la kwanza ambalo mshauri mpya linamnyima usingizi.

Kikao cha kawaida kinaanza hivi. Mtu anaingia anasema "nipitie tu fasta uone kama inatiririka, natakiwa kuituma leo usiku". Usiiguse. Muulize karatasi ya swali iko wapi. Nusu ya wanaokuja hawajaisoma vizuri, na wengine hawana kabisa, wanalo la kuambiwa na mwenzao. Mkilisoma pamoja mnakuta swali linasema linganisha nadharia mbili na utoe msimamo, yeye kaandika kurasa sita za kueleza nadharia ya kwanza, ya pili kaigusa mwishoni, msimamo hamna. Sasa hapo we ukianza kumpangia koma unamfanyia ubaya, maana hizo aya zenyewe nusu yake zitafutwa. Ndio maana tunafundishwa kuanza na makubwa: amejibu swali? hoja kuu iko wapi? ushahidi unabeba hiyo hoja? mpangilio unaeleweka? Grama inakuja mwisho, ikibaki muda.

Alafu mwambie asome kwa sauti. Jicho lina tabia ya kusoma kile ulichokusudia kuandika, ila mdomo unasoma kilichopo. Utaona anafika mahali anasimama mwenyewe, anarudi, anasema "hapa mbona sieleweki", we hujasema neno. Isipokuwa kwa mtu anayeandika lugha ya pili au ya tatu, huyo nguvu zote anaweza kuzimalizia kwenye matamshi asisikie hata anachosoma, kwaiyo huyo nasoma mimi, yeye anashika kalamu anaweka alama pale sauti yangu inapojikwaa.

Historia kidogo, maana bila hiyo hutaelewa tumetoa wapi masharti yetu ya ajabu. Hivi vitu vilianza Marekani vikiitwa maabara za uandishi, miaka ya 1930 vyuo vya Iowa na Minnesota tayari walikuwa navyo, na kwa muda mrefu vilionekana ni sehemu ya kutupia wanafunzi dhaifu. 1970 chuo cha umma cha jiji la New York, CUNY, kikafungua milango kwa aliyemaliza sekondari yoyote pale jijini, wakaingia watu wengi ambao hakuna aliyewahi kuwaonyesha esei ya kichuo inaandikwaje, walimu wakazidiwa, na katika hali hiyo kina Kenneth Bruffee wa Brooklyn College wakaanza kuwatumia wanafunzi kuwasaidia wanafunzi wenzao. Chuo kikuu cha Purdue nao wakaanzisha ya kwao 1976 chini ya Muriel Harris. Alafu 1984 Stephen North akaandika makala akiwa amechoka kabisa, anawaambia wahadhiri wenzake wa Kiingereza kwamba hawaelewi kituo kinafanya nini, na hoja yake ndo imekuwa katiba yetu hadi leo: kazi yetu ni kumjenga mwandishi, andiko litajijenga nyuma yake.

Hoja ikazaa masharti. 1991 Jeff Brooks akaandika mwongozo wa namna ya kumfanya mwanafunzi afanye kazi yote mwenyewe. Kaa pembeni yake, usikae mbele yake. Karatasi iwe karibu na yeye kuliko wewe. Usishike penseli. Na kama unaandikia mkono wa kulia basi kaa kulia kwake ili kuifikia hiyo karatasi iwe tabu. Sio utani, aliandika hivyo, na kuna vituo mpaka leo viti vimepangwa kwa hesabu hiyo. Uliza maswali, majibu atoe yeye.

Sasa mimi wageni wote nawafundisha hayo masharti na nawaambia wayashike hivyohivyo yalivyo, maana mgeni ukimpa kalamu anaandika esei nzima na anatoka pale anajisikia shujaa. Ugomvi wangu ni na wale wakongwe waliobaki na maswali tu. Mtu hajawahi kusoma mapitio ya machapisho (ile sehemu unayopitia waliotangulia wameandika nini) hata moja maishani mwake, we unamuuliza kwa upole "unadhani msomaji wako anatarajia nini kwenye sehemu hii?" Angejua angekuja kwako? Kumwacha anakisia robo saa nzima huku jibu ninalo, mi naona namficha tu. Wanaofaidika na maswali matupu ni wale ambao tayari nyumbani kwao kuna watu wamesoma, wanazijua kanuni zote ila wamezisahau. Mwingine anatoka pale anajiona mjinga, na harudi.

Na siko peke yangu, 1995 Linda Shamoon na Deborah Burns walilisema hili, wakatoa mfano wa madarasa ya muziki ambapo gwiji anapiga kipande mbele ya watu, mwanafunzi anakiiga hapohapo, na hakuna anayesema mwanafunzi kaibiwa muziki wake. Walipingwa sana.

Karibuni, ulizeni, pingeni.

#2 mtazamaji_tu

Naweka kambi hapa. Wajuvi endeleeni.

#3 kijana_wa_tasnifu

Mkuu umegusa kidonda. Mi nilienda kituo cha chuo chetu supavaiza alivyoniandikia "lugha irekebishwe" kwenye kila ukurasa. Nikamwambia yule jamaa shida yangu ni lugha, yeye ananiuliza utafiti wangu unahusu nini, nilichagua mada kwa sababu gani, najisikiaje kuhusu sura ya pili. Najisikiaje!! Dakika zikaisha nikatoka na karatasi nyeupe kama nilivyoingia nayo. Sasa nisaidie, nani mwenye makosa, mimi kuomba grama au yeye kunizungusha?

#4 BintiKalamu

Mimi ni dada ila mkuu nimeipokea 😂

Supavaiza anaposema lugha, mara nyingi anamaanisha kuna kitu kimemchosha na hajakaa kukichambua. Mara ni lugha kweli, mara ni kwamba aya ina mambo manne na hakuna linaloongoza, sasa akisoma anachoka, anachukua neno la karibu ambalo ni lugha. Kwaiyo jamaa kuuliza uliza kidogo alikuwa sahihi, anatafuta ugonjwa. Alipokosea ni kuendelea kuuliza wakati dalili ziko mezani.

Mi ningefanya hivi. Nasoma kurasa mbili tatu natafuta kosa linalojirudia, maana mtu hana makosa mia, ana makosa matano yanayojirudia. Labda ni nyakati za vitenzi, unaripoti matokeo kwa wakati uliopita, sentensi inayofuata uko wakati uliopo, bila sababu. Nachukua moja nakuonyesha waziwazi, hii iko hivi kwa sababu hii, naiandika mimi mbele yako. Ya pili tunafanya wote. Ya tatu naionyesha kwa kidole tu nakaa kimya. Ya nne unaitafuta mwenyewe kwenye ukurasa unaofuata. Saa inaisha tumegusa makosa mawili tu kati ya matano na tasnifu haijasafishika, ila unaondoka unajua unatafuta nini. Sura nyingine unakuja na mengine.

Kama unataka isafishwe yote, tafuta mhariri umlipe, hilo halina aibu yoyote, ila angalia kwanza kanuni za chuo chenu kama wanaruhusu tasnifu kuhaririwa na mtu wa nje na kama unatakiwa kumtaja.

#5 Mzee wa Koma

Mimi ni mhadhiri, nimesoma kwa makini. Binti nikuulize kwa nia njema. Nimewatuma kwenu wanafunzi wangu wengi tu, wanarudi na kifomu kwamba walihudhuria, na kazi inakuja mbovu vilevile. Wapo tena wanaothubutu kuniambia "lakini kituo walisema iko vizuri". Sasa niwaelewe vipi? Na upande wa pili kuna kazi nyingine zinakuja zimenyooka mpaka nashuku kuna mtu wenu kaziandika. Naona hamna kipimo katikati.

#6 BintiKalamu

Shikamoo mzee wangu. Nakujibu kwa heshima zote.

Hilo la "walisema iko vizuri" tunalisikia sana na sisi linatuumiza. Mshauri aliyefunzwa hatamki kwamba kazi iko vizuri wala haikisii alama, ni mwiko, hata mwanafunzi akibembeleza. Kinachotokea ni kwamba mshauri kasema "hii aya ya pili inaeleweka", mwanafunzi kabeba hiyo tu kaacha yale mengine. Binadamu.

Kuhusu kuwatuma, samahani ila wengi wanakuja wameandikiwa "nenda kituo cha uandishi" basi. Hajui katumwa kwa nini, anadhani ni adhabu, anakaa anaangalia saa apate kifomu. Mzee ukiandika mstari mmoja tu, "hoja yako inabadilika kati ya ukurasa wa pili na wa nne", yaani utanipa kikao kizima. Na ukiweka karatasi ya swali pamoja na vigezo vya alama mahali ambapo mwanafunzi atavipata, umetusaidia kuliko semina yoyote.

Kuhusu zilizonyooka kupita kiasi, siwezi kuwaapia watu wote duniani. Ila kikao kinaandikiwa ripoti, kwamba tulishughulikia kitu gani na tulikubaliana afanye nini baadae, na vituo vingi vinakutumia mwalimu mwanafunzi akiridhia. Omba uione. Kazi ikiwa imenyooka sana na ripoti inasema siku hiyo tuliongelea utangulizi tu, basi hiyo nyingine imetoka kwingine.

#7 Mzee wa Koma

Marahaba. Hilo la mstari mmoja nimelichukua.

#8 fundi_mitambo

Mi nasoma uhandisi, nimeona tangazo la kituo chetu wanataka washauri kutoka fani zote. Nikacheka. Mimi na kuandika wapi na wapi? Na akija mtu wa sheria au wa PhD ya fasihi namwambia nini mimi?

#9 BintiKalamu

Omba mkuu, usicheke. Watu wa uhandisi na sayansi wanatakiwa sana na hawaombi. Akija mtu na ripoti ya maabara, mshauri wa fasihi anamwambia apambe utangulizi, we unajua kwamba sehemu ya mbinu inatakiwa mtu mwingine aweze kurudia jaribio, na kwamba matokeo unayaweka hapa, kuyatafsiri unayaweka kule. Hiyo ni elimu tosha.

Kuhusu kutojua mada, wakati mwingine ndo silaha yako. Unamwambia "mi sijui sheria, nieleze hii kesi inathibitisha nini". Anakueleza kwa mdomo, safi kabisa, kumbe kwenye karatasi haipo. Unamwambia andika hicho ulichosema sasa hivi kabla hakijapotea. Unakuwa umeshafanya kazi ya siku.

Na kuna vitu vinavuka fani. John Swales alichambua utangulizi wa makala nyingi za kitaaluma, na mfumo aliouweka mwaka 1990 mpaka leo unafundishwa: unaonyesha eneo lako ni muhimu, unaonyesha pengo lililopo, alafu unaonyesha we unalijaza vipi. Chukua utangulizi wa mtu wa PhD ambao hauendi, tafuta pengo. Mara tisa kwa kumi hamna pengo, kuna orodha ya nani kasema nini mwaka gani, basi. Hapo huhitaji kujua fasihi. Na hapohapo ndo ninaposema usimzungushe, mwambie kwa kinywa chako kwamba wasomaji wa makala wanatafuta hizi hatua tatu, alafu mwache aziangalie kwenye makala mbili za fani yake mwenyewe aone wenzake wanazifanyaje, maana kila fani ina namna yake, kuna wanaotamka pengo kwa ukali na kuna wanaolipitia kwa adabu.

Kitu kingine cha kumpa mtu wa andiko refu: pembeni ya kila aya aandike mstari mmoja aya hii inasema nini, na mwingine aya hii inafanya kazi gani. Akimaliza kurasa kumi anaona mwenyewe aya tatu zinasema kitu kimoja na moja haina kazi. Unakaa pale unamwangalia anavyokasirika.

#10 Dada Aya

Na mimi niko kwenye hii kazi, kituo kingine. Mleta uzi mengi nakubali ila hapo kwa "mwambie tu" nakupinga, na nakupinga kwa sababu nimeona inavyoharibika. Mshauri akishaonja utamu wa kutoa majibu harudi nyuma. Wiki hii anaeleza kanuni, wiki ijayo anapendekeza sentensi, mwezi ukiisha wanafunzi wanamgombania yeye peke yake kwa miadi kwa sababu "anasaidia kweli", na ukikaa kusikiliza kikao chake anaongea yeye mwanzo mwisho, mwanafunzi anaandika imla. Alafu kosa la mshauri linakuwa kosa la mwanafunzi. Mshauri kamwambia mtu wa historia "usitumie nafsi ya kwanza", kumbe mwalimu wake anaitaka. Nani anakatwa alama?

Yale masharti ya penseli ni ya kijinga kweli ukiyasoma, lakini yanazuia watu wazuri wenye nia nzuri wasiteke kazi ya mtu. Nia nzuri ndo inateka.

#11 BintiKalamu

Dada Aya hoja ya imla ni kweli tupu, hao watu nawajua na mmoja wao anapendwa kuliko sisi sote 😅 Na hilo la nafsi ya kwanza ndo maana nasema kanuni za fani unamwonyesha kwenye makala za fani, na za mwalimu unamtuma akamuulize mwalimu, hata email mnaweza kuiandika palepale.

Ila bado unaongelea mshauri mbovu. Mi naongelea mwanafunzi. Kati ya kumwambia mtu kanuni na kumwandikia sentensi yake kuna nafasi kubwa sana na sisi tumeiogopa tukahamia ng'ambo kabisa. Kanuni ni mali ya kila mtu, hata mwalimu darasani angeisema. Sentensi ni ya kwake. Mi mstari wangu nauchora hapo: kanuni nasema, mfano nautunga kwa mada nyingine kabisa, sentensi yake siandiki.

#12 Dada Aya

Mfano wa mada nyingine, hapo tumeelewana. Ila sentensi yake ya vitenzi kule juu ulisema unaiandika wewe mbele yake 👀

#13 BintiKalamu

Kosa la kisarufi sio hoja bwana. Ila sawa, umeniona.

#14 swali_dogo

Wakuu mimi nauliza moja tu, saivi kuna ChatGPT, hii kazi si imeshakufa? Inanyoosha esei kwa sekunde na haikuulizi unajisikiaje.

#15 Dada Aya

Naomba nilijibu mimi maana nashinda nalo kila siku.

Tangu ile kitu itoke mwishoni mwa 2022 kila mtu alisema tutafungwa. Kilichobadilika ni aina ya wanaokuja. Wa kunyooshewa grama kweli wamepungua. Ila wameongezeka wa aina mbili. Kuna anayekuja na andiko limenyooka, halina hata koma iliyopinda, alafu ukimuuliza "hapa unaposema hii ni changamoto ya kimfumo unamaanisha nini" anaangalia karatasi kama ameiokota. Huyo hatumshtaki, sisi sio polisi, tunamuuliza tu sera ya mwalimu wake inasemaje kuhusu akili mnemba, alafu tunarudi kwenye swali na kuanza "we mwenyewe unaonaje". Wengine wanafunguka hapo, wanasema walikwama tu muda ukawaishia.

Aina ya pili ndo inaniuma. Anayekuja analia, kazi kaandika mwenyewe, programu ya kugundua akili mnemba imesema ni ya mashine. Na hao wengi ni wanaoandika Kiingereza kama lugha ya pili. Hilo limepimwa, 2023 watafiti wa Stanford walizichukua programu saba za aina hiyo wakazipa esei 91 za TOEFL (ule mtihani wa Kiingereza kwa wasio wazawa wa lugha) zilizoandikwa na watu wenyewe, na kwa wastani zaidi ya nusu ya hizo esei zikaitwa za mashine. Esei za wanafunzi wazawa wa Marekani zilipita karibu zote. Sababu ni kwamba hizo programu zinaangalia maneno yanatabirika kiasi gani, na mtu mwenye msamiati mdogo anatumia maneno ya kawaida, anatabirika, basi anahukumiwa. Kwaiyo tunawaambia wote, andikia mahali panapohifadhi historia ya mabadiliko, tunza rasimu zako na noti zako hata za mkono. Ukiitwa unazo.

#16 BintiKalamu

Naunga mkono, na niongeze ya Turnitin, ile programu vyuo vinatumia kulinganisha kazi yako na maandiko mengine, maana watu wanachanganya. Ile asilimia ya kufanana haisemi umeiba. Inasema maneno haya yako pia sehemu nyingine. Orodha ya rejea yenyewe inaweza kuipandisha, nukuu zenye alama na rejea zake nazo zinahesabiwa kama mwalimu hajaziondoa. Unaweza kuwa na asilimia kubwa na uko safi, unaweza kuwa na ndogo na aya moja umeinyonya yote.

Wengi tunaowapata hapo hawakukusudia, anachukua sentensi ya kitabu anabadilisha maneno matatu anadhani ameandika kwa maneno yake. Rebecca Moore Howard aliandika sana kuhusu hili tangu miaka ya 1990, kwamba mara nyingi ni hatua ya mtu anayejifunza kuongea lugha ya fani asiyoimudu, na kumfukuza chuo hakumfundishi. Dawa yake: soma aya, funga kitabu, nieleze mimi inasema nini, andika ulichonieleza, ndo ufungue kulinganisha. Na rejea weka hata kama maneno yote ni yako, wazo ni la mwenyewe.

#17 mtazamaji_tu

Hii ni shule. Vipi hawa wa mtandaoni, mnaonana nao kwenye kamera au?

#18 BintiKalamu

Zote mbili. Ya kamera ni kama ya mezani tu. Ya kutuma faili ndo ngumu, mwanafunzi anatuma andiko, we unaandika maoni, hamuonani. Hapo yale maswali ya Dada Aya yanakufa kabisa, maana ukiandika pembeni "unadhani hapa msomaji anaelewa?" mtu anasoma usiku peke yake anajua tu ametukanwa. Naandika barua fupi juu, kama kwa mtu, nimeona unajaribu kusema hivi (nikikosea hapo anajua andiko halijaeleweka), nimeona mambo mawili makubwa ya kushughulikia, alafu pembeni maoni machache sana, kila moja linasema nimeona nini, linanisumbua kwa nini, jaribu hivi. Mgeni ataweka maoni arobaini. Mwanafunzi akifungua faili lina rangi nyekundu hivyo analifunga.

#19 rejea_zangu

Je mtu akianza kulia mnafanyaje? Nauliza maana mi ni mtu wa kulia na wenzangu.

#20 Dada Aya

Tishu ziwepo mezani, hilo ni somo la kwanza la mafunzo 😂 Unasubiri, unamuuliza anataka kuendelea au tupumzike, mara nyingi anataka kuendelea. Hasa kwenye zile barua za maombi ya ufadhili, mtu anaambiwa aandike magumu aliyopitia, sasa anafika kwenye aya ya msiba analipuka. Sio lazima kila jeraha liende kwenye barua, na kuna wanaohitaji mtu wa kuwaambia wana haki ya kuliacha. Ukiona ni zaidi ya esei unampa mawasiliano ya ushauri nasaha wa chuo, ikiwezekana unamsindikiza. Usijifanye mtaalamu.

Ukisikia kazi ina uchovu ni huo. Grama haichoshi mtu.

Na kuna misimu. Mwisho wa muhula ndo balaa. Kuna vituo vinafungua usiku kucha, ile staili ilianzia chuo kikuu cha Viadrina kule Frankfurt (Oder) Ujerumani 2010, wanafunzi wote walioahirisha kazi zao wanakuja kukesha pamoja, washauri wapo, saa nane usiku mnanyoosha viungo, mnaendelea. Imesambaa nchi nyingi. Jiandikishe mara moja uone.

#21 fundi_mitambo

Sawa mmenishawishi, nimetuma maombi na nimeitwa usaili. Wanauliza nini? Na malipo?

#22 BintiKalamu

Malipo kila chuo na lake, ukiwa mwanafunzi ni kwa saa, usitegemee utajiri. Uliza kama mafunzo ya mwanzo yanalipwa maana kuna wanaoyafanya kama kozi yenye krediti na kuna wanaoyafanya bure. Uliza pia mwanafunzi asipotokea kwenye miadi saa yako inahesabiwa ama la, maana hawatokei wengi, hasa Jumatatu asubuhi.

Usaili mara nyingi wanakupa rasimu ya mwanafunzi, kurasa mbili, mbovu kwa makusudi, wanakuuliza ungeanzia wapi. Itakuwa na makosa ya grama mstari wa kwanza kabisa, huo ni mtego. Isome mpaka mwisho kwanza. Hoja kuu mara nyingi imejificha kwenye aya ya mwisho, mtu kaigundua wakati anamaliza kuandika. Waambie ungemwonyesha hiyo aya na kumuuliza ingekuwaje kama esei nzima ingeanzia hapo.

Wanaweza pia kumleta mtu aigize mwanafunzi mkali, anasema "we ni wa uhandisi utanisaidia nini". Usijitetee. Mwombe karatasi ya swali.

#23 fundi_mitambo

Na wakiniuliza kama naruhusiwa kushika kalamu yake?

#24 Dada Aya

Sema hapana.

#25 BintiKalamu

Sema inategemea, alafu ujiandae kueleza dakika tano. Kama anayekusaili ni Dada Aya, sema hapana.